Aliyerudi na Thanaka Usoni

Ohn Yi hakuwa mwendawazimu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisikia likisemwa bwawani na watu ambao hata ufuta wao hawajui kuupepeta. Alikuwa mwanamke wa hapa kwetu Htanaung Gon, upande wa Meiktila, mkulima wa ufuta na karanga kama sisi sote, mke wa Ko Thein Zan, mgema wa mivumo, mwanamume mpole mpaka anakera. Mfupi, mikono mikubwa, akicheka anaziba mdomo. Kosa lake lilikuwa kuzaa mtoto ambaye kijiji kizima kilidai kinamjua.

Mtoto alitoka mweupe. Sisemi mweupe wa kusifiwa, yule msichana anayeitwa mweupe kwa kuwa hajawahi kushinda shambani. Huyu alikuwa mweupe wa maziwa, nywele rangi ya majani makavu, kope huzioni, na macho yakipata mwanga yanachezacheza hayatulii. Mkunga alimfunga kitambaa akamkabidhi bibi yake, Daw Pwa Hmi, mama mzazi wa Ohn Yi. Bibi alimtazama mjukuu, kisha akakaa chini pale pale sakafuni.

"Amerudi," alisema.

"Nani, Mama?" Ohn Yi aliuliza kutoka mkekani.

"Si nilimpaka mwenyewe? Hebu mwangalie. Mpaka masikioni nilimpaka."

Hakuna aliyeuliza zaidi, maana kisa kile tunakijua sote. Mwaka wa vita, katika kiangazi kilichokausha mpaka matope ya bwawa, ndege ya Waingereza ilianguka ikiwaka katika shamba la ufuta la Daw Pwa Hmi. Watu walikuwa wamekimbilia kwenye mivumo. Yeye alikuwa amebaki na binti yake Ohn Yi, msichana mdogo wakati huo, kwa kuwa hakutaka kuacha ng'ombe. Rubani alitoka kwenye moto akitembea kwa miguu yake, akafika uani kwao, akaanguka. Ngozi ilikuwa imembabuka mwili mzima. Daw Pwa Hmi alichukua jiwe lake la kusagia na kigogo cha thanaka, ule mti wetu wa kupoza ngozi, akasaga ganda lake kwa maji, akampaka uso, shingo, masikio, kifua, kama tunavyompaka mtoto aliyeungua jua. Alifanya alichokijua. Mtu yule hakuimaliza siku, wakamzika vile vile, mweupe kama ukuta wa pagoda.

Na kwetu, maiti ukimtia alama, akizaliwa tena huja nayo. Wazazi waliofiwa humpaka mtoto wao masizi kisiginoni, kisha huchungulia visigino vya kila mtoto anayezaliwa mtaani. Wenzake hutia nukta moja. Daw Pwa Hmi alikuwa amemtia alama mtu mzima mzima.

Basi mtoto akapewa jina la Hnin Phyu, yaani Ukungu Mweupe, lakini njiani hakuna aliyelitumia.

"We Rubani, leo umetua wapi?"

"Rubani, ndege umeiegesha kwa nani?"

Utani tu, walidai. Utani gani wa kumtania mtu aliyekufa kwa moto? Mimi nilikuwa nikiwatazama naona haya kwa niaba yao.

Alipoanza kusema vizuri, alisimama siku moja katikati ya karanga zilizoanikwa, akanyoosha kidole mbinguni, akasema, "Ndege yangu iliwaka." Sasa, mtoto aliyeambiwa jambo tangu yumo kwenye bembea ya kulalia, atashindwaje kulisema? Ndivyo ninavyojiambia. Lakini Ohn Yi alikuwepo, na baadaye aliniambia kwamba alipolisikia lile neno aliisikia pia harufu, ile harufu ya mafuta na nywele aliyoisikia akiwa mdogo, na harufu haifundishwi na majirani.

Nitasema na hili, kwa kuwa alilisema mwenyewe bila kuficha: mara nyingine alimwogopa mwanawe. Siku ile ya vita yeye ndiye aliyewekwa kumpungia rubani nzi kwa upepeo. Yule mtu alikuwa na macho ya kijivu hafifu, na alimtazama yeye, muda wote alimtazama yeye. Hnin Phyu naye alikuwa na macho hayo hayo. Unamwogesha mtoto, unamkausha, unamvalisha, ukiinua kichwa unaona unatazamwa tena. Halafu kulikuwa na hili la mkeka. Mtoto akikaa kula alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mtungi wa maji. Ukimwambia ajongee, analia.

Bibi alipoona hivyo akaanza dawa yake ya mayai. Huku kwetu mtoto akikumbuka maisha yake ya nyuma hulishwa mayai ili asahau. Daw Pwa Hmi alichemsha mayai ya bata kila asubuhi ya Mungu.

"Kula, usahau."

"Nimeshasahau, Bibi."

"Umesahau nini?"

"Ndege."

"Unaona? Hujasahau. Fungua mdomo!"

Ohn Yi alikuwa na vita vyake vingine, vita vya jua. Kiangazi chetu hakina mzaha. Ng'ombe wenyewe hutembea wakifuata vivuli, sembuse mtoto asiye na rangi. Hnin Phyu akisahaulika juani kwa muda wa kuchemsha chai tu, alirudi amewiva pua na mashavu, na jioni ngozi imevimba malengelenge. Basi alfajiri, kabla ya kwenda shamba, Ohn Yi alisaga thanaka. Hakusaga ya kurembea, ile ya wasichana wa mjini ya kuchora majani mashavuni. Yeye alisaga nzito kama uji, akapaka uso, nyuma ya masikio, shingo, migongo ya mikono, mpaka kwenye vidole vya miguu.

Na chakula chake kilikuwa chakula baridi kitupu: mchuzi wa mung'unye, majani machanga ya ukwaju, kunde zilizochipua, kachumbari ya vijani vya mviringo vinavyoota kando ya bwawa. Mume wake akishuka mvumoni alimwekea mtoto kikombe cha utomvu wa asubuhi kabla haujachacha. Nyama ya mbuzi marufuku. Maembe mabivu marufuku, pilipili ya kukaanga marufuku, kwa maana vyakula vya moto humfungulia jua mlango, na mama yetu yeyote atakwambia hivyo. Mwezi wa maembe mtoto yule alikuwa akikaa kizingitini anatazama watoto wenzake wanavyochuruzika maji ya embe mpaka viwiko, na wewe unayepita roho inakuuma.

Pamoja na yote hayo, aliungua. Kila siku aliungua.

Ohn Yi alimshuku muuza thanaka. Alimjia juu mbele ya soko zima. "Mjomba, unaniuzia kuni? Mti huu ulikatwa ungali mchanga!"

"Mti wangu una umri kukushinda wewe, dada! Nusa!"

"Nimenusa. Unanuka njaa yako."

Akabadili muuzaji, akanunua vigogo vya kutoka Pakokku, vya ganda nene. Mtoto akaungua vile vile. Majirani wakasema, unaona? Hilo silo jua, ni ule moto wake wa zamani, utampaka nini? Na Ohn Yi, Mungu wangu, alianza kuamini. Usiku hakulala. Alianza kupeleka wali kwa watawa kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hakulijua, akawa anashindwa kumtajia mtawa anamfanyia nani sadaka.

Mwaka mtoto alipotimiza miaka saba, lilitokea donda juu ya sikio la kushoto. Likakauka, likapasuka, likatoka damu, likakauka tena. Miezi ikapita halijapona. Ko Thein Zan, yule mpole, siku hiyo ndiye aliyesema, "Inatosha," akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakaenda mjini.

Mganga wa zahanati alikuwa kijana mwenye miwani na mikono misafi. Hakuuliza habari za rubani. Alilishika lile sikio, akaligeuza kwenye mwanga.

"Dada, ngozi ya mtoto huyu haina ile rangi inayotukinga sisi. Amezaliwa hivyo. Wapo wengine, si yeye peke yake."

"Nampaka thanaka kila siku, daktari."

"Kila siku?" Akamtazama mtoto usoni, kisha akamtazama mama. "Endelea, inasaidia kidogo. Lakini haitoshi peke yake. Mikono mirefu, kofia pana, na jua likishapanda asitoke mpaka alasiri."

"Na chakula? Namlisha mung'unye."

"Mlishe, atanenepa. Lakini mung'unye hauzuii jua."

"Na sikio?"

Kijana akavua miwani. "Hapa nitakata kipande leo. Vidonda vya namna hii vinakula watu, dada, sikufichi. Hiki tumekiwahi. Akiungua tena hivi kiangazi kizima kijacho, kitakachofuata huenda tusikiwahi."

Mtoto alikatwa sikio bila kulia. Alishikilia mkono wa baba yake kwa upande mmoja, na mkono wa pili aliunyoosha hewani, vidole vimekunjwa, kana kwamba umeshikwa. Ohn Yi aliuona mkono ule, akageuza uso.

Wakarudi na kofia pana ya mianzi na shati la mikono mirefu. Siku chache baadaye, Ohn Yi akiwa shambani, mpini wa jembe ulivunjika, akarudi nyumbani saa ambayo huwa harudi. Jua lilikuwa utosini. Pale uani, kando ya mtungi, alimkuta mama yake amepiga magoti, ana kitambaa kilicholowa, anamfuta Hnin Phyu uso. Maji meupe yalikuwa yanatiririka kwenye shingo ya mtoto. Shati limetundikwa kwenye ua, na kofia imefunika kapu la vifaranga.

"Mama, unafanya nini?"

"Namnawisha."

"Unamnawisha thanaka?"

"Siku zote namnawisha." Daw Pwa Hmi hakushtuka hata kidogo. Alikamua kitambaa. "Tangu alipoanza kutembea. Wewe ukitoka, mimi nafuta. Kisha namwambia akae kivulini, ila ni mtoto, hakai. Na punguza sauti, majirani wana masikio."

Ohn Yi alilitupa jembe. "Unamuua mwanangu!"

"Namfungua. Wewe ndiye unayemfunga. Mimi nilimpaka mara moja tu, yule mtu akashikamana na nyumba yangu. Wewe unampaka kila asubuhi, ataondokaje? Atazaliwa humu humu, mweupe tena na mweupe tena, mpaka kitukuu chako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Ohn Yi."

"Guu la nani? Sikio lililokatwa ni la nani, lako? Miaka yote nagombana na wauzaji, nagombana na jua, kumbe adui yangu nampikia wali!"

Maneno hayo yalikuwa mazito, na yalipomtoka alijua. Daw Pwa Hmi alikaa chini kwenye vumbi, mwanamke wa umri ule, akaanza kukikunja kile kitambaa kibichi, akikikunjua na kukikunja.

"Unakumbuka neno alilokuwa akisema?" aliuliza.

"Nani?"

"Unamjua. Ulimpungia nzi."

Ohn Yi alilikumbuka. Nani angelisahau? "Alikuwa akisema wota. Wota, wota."

"Nilidhani ni jina la mama yake. Nikamwambia, nyamaza mwanangu, mama yuko, mama anasaga. Miaka ikapita. Alipokuja mwalimu wa Kiingereza hapa kijijini, siku moja nilikuwa napita na kuni chini ya dirisha la shule. Akauliza, watoto wakaitika kwa sauti moja: wota, maji." Akasema tena polepole. "Maji, Ohn Yi. Mtu alikuwa anaomba maji. Na maji ya mwisho ya mtungi nilikuwa nimeyamimina juu ya jiwe nasagia thanaka. Aliyaona. Aliyatazama mpaka yakaisha, kisha nikampaka nayo usoni, na mimi natabasamu, naona nimetenda wema."

Sasa Ohn Yi akaelewa kwa nini tangu usichana wake hakupata kuliona tena jiwe la mama yake, na kwa nini mwanamke yule alikuwa mtu pekee wa Htanaung Gon anayetembea juani uso mtupu, umekauka kama ngozi ya ngoma. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote. Alisema tu kwamba kesho atahama na mwanawe aende kwa wakwe.

"Nenda," alisema mama yake.

Lakini aende wapi? Wakwe walikwisha kusema zamani kwamba kizingiti chao hakivukwi na Mwingereza. Na shamba lisipopaliliwa watakula nini? Mume yuko juu ya mivumo tangu alfajiri. Mtoto lazima abaki na bibi yake, na bibi yake atamfuta uso, kwa mapenzi kabisa, siku baada ya siku, mpaka kiangazi kifanye kazi yake. Ohn Yi alikaa jikoni akalia kwa hasira, akamega sukari ya mvumo akaitafuna huku analia, maana hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Na Hnin Phyu, ambaye wote wawili walimsahau, alikuwa chini ya kitanda cha mianzi pale uani, amesikia kila neno.

Kesho yake Ohn Yi hakwenda shamba. Alikuwa akifunga nguo kwenye furushi, hajui kwa safari ipi, aliposikia sauti ya mtoto upande wa pili wa ukuta wa mkeka. Bibi alikuwa anabangua karanga.

"Bibi, yule mtu ameondoka."

Karanga zikaacha kupasuka. "Mtu gani?"

"Yule mwenye moto. Amekunywa maji, akaondoka."

"Amekunywa?"

"Kata mbili. Ya pili, nusu yake ilimmwagikia kifuani."

Ohn Yi aliweka nguo chini, akachungulia kwenye upenyo. Mama yake alikuwa ameinama mbele, mikono imejaa maganda, mdomo wazi.

"Alisema nini?"

"Alisema yale uliyompaka yalikuwa baridi. Yalimpoza. Alisema ahsante."

"Unanidanganya, wewe."

"Sikudanganyi, Bibi. Mimi sasa ni mimi tu. Hata ndege siikumbuki." Akafungua mdomo wake wazi kabisa. "Leo silihitaji yai."

Daw Pwa Hmi alitoa sauti ambayo Ohn Yi hakuwahi kuisikia kwake, si kilio, si kicheko. Akamvuta mtoto, akamnusa mashavu yote mawili kwa nguvu, kama tunavyowabusu watoto wetu, akawa anarudia neno moja tu, kumbe ilikuwa baridi, kumbe ilikuwa baridi. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akapita mbele ya Ohn Yi bila kumtazama.

"Jiwe lako liko wapi?"

Alisaga mwenyewe. Mikono ilikuwa imesahau, mwanzoni ikateleza, kisha ikakumbuka, na ule mkwaruzo wa ganda juu ya jiwe ukajaa uani. Alimpaka mjukuu wake nzito, nyuma ya masikio, kwenye kile kidonda kilichoanza kupona alizunguka kwa ncha ya kidole, akashuka shingoni. Akamfunga vifungo vya shati mpaka cha koo. Akanyakua kofia juu ya vifaranga, akaikung'uta, akamvika. "Ukiivua," alisema, "nitakunyonga mimi mwenyewe, jua lisipate kazi." Kisha akajipaka na yeye uso wake uliokauka, akaenda kulala ndani, na alilala mpaka jioni, mtu ambaye tulizoea kumsikia akikohoa usiku kucha.

Ohn Yi alibaki uani na mtoto. Hakujua aanzie wapi. Alimvuta chini ya kivuli cha paa, akampangusa tone la thanaka lililokuwa linashukia jichoni.

"Mwanangu. Kweli ameondoka?"

Hnin Phyu alitupa jicho mlangoni kwa bibi yake, akashusha sauti.

"Hajaondoka, Mama."

"Basi mbona umemdanganya Bibi?"

"Yeye ndiye aliyenituma. Alisema Bibi amechoka."

Harufu ilikuwepo, ya mafuta, ya nywele. Safari hii Ohn Yi hakugeuza uso.

"Na yale maji? Zile kata mbili?"

Mtoto alitikisa kichwa, ile kofia kubwa ikayumba. "Bado. Nikimpa mimi hapokei. Anasema aliyepunga nzi ndiye ampe."

Ohn Yi alikwenda mtungini, akachota kata ya maji, akaijaza mpaka ukingoni. Akasimama nayo kwenye ule ua mtupu, ameishika kwa mikono miwili, hajui aielekeze wapi.

"Kushoto kidogo, Mama," alisema Hnin Phyu. "Na uishushe. Amelala chini."